Viinitete vya Mbuzi Maabarani: Kinachotengenezwa na Kisichotengenezwa

Habari za viinitete vya mbuzi kutengenezwa maabarani huwafikia wafugaji wa Uganda kwa njia ile ile inayopitiwa na habari nyingi za sayansi: vipande vipande, kupitia redio, mnadani siku ya soko, na katika ujumbe wa simu uliokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Si ajabu basi kwamba kila mtu ameokota kipande chake. Yuko anayeamini kwamba mbuzi hao hukulia ndani ya mashine hadi siku ya kuzaliwa. Yuko anayesema ni kloni, wote sura moja na tabia moja. Yuko aliyewahi kumwita mtaalamu ampandishie ng'ombe wake kwa mrija, naye anashikilia kwamba hapa hakuna jipya. Na hakosekani mfanyabiashara aliyeona upenyo wa kujipatia riziki, anayemwahidi mteja "mbegu ya maabara" kwa bei ya juu bila kueleza ni mbegu ya mbuzi yupi na nani ameithibitisha.

Ninachotaka kukifafanua ni jambo moja ambalo likieleweka, mengine hukaa mahali pake. Maabara haimboreshi mbuzi. Kazi yake ni kuzidisha uzao wa mbuzi ambaye watu walikwisha kumchagua kabla, zizini, kwa macho, kwa mizani na kwa daftari. Wakichagua vibaya, maabara itauzidisha uteuzi huo mbaya kwa bidii ile ile.

Tuanze na mambo ya msingi. Mbuzi jike ana ovari mbili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili hivi, na humo ndimo yanamokomaa mayai yake. Yai likikutana na mbegu ya dume, na mbegu hiyo ikapenya ndani, yai limetungishwa. Yai lililotungishwa hugawanyika likawa seli mbili, kisha nne, kisha nane, na kuendelea. Katika hatua hizo za mwanzo, kabla hakijawa na umbo la mnyama, kitu hicho ndicho kiinitete. Kufikia siku ya saba au ya nane kiinitete huwa tufe dogo lenye uwazi uliojaa majimaji, nacho bado hakijafikia hata robo ya milimita, kwa hiyo huwezi kukikagua bila hadubini.

Kwa kawaida hayo yote hutokea mwilini, kwanza katika mrija unaounganisha ovari na mji wa mimba, kisha katika mji wa mimba wenyewe. Katika maabara, ni siku hizo saba au nane za mwanzo tu zinazopitia nje, ndani ya sahani ndogo. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, na siku zote zilizobaki kiinitete huzimaliza tumboni mwa mbuzi jike, akila majani na kutafuna cheu kama wenzake. Hakuna mashine inayobeba mimba, si Entebbe, si Ulaya.

Mambo manne yanayochanganywa

Mazungumzo ya mnadani huchanganya mambo manne. La kwanza ni uhimilishaji, ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaufahamu vizuri: mbegu za dume hukusanywa, hugandishwa, na huingizwa katika jike kwa mrija. Yai, utungisho na mimba vyote vinabaki ndani ya jike yule yule, na kinachosafiri kutoka mbali ni mchango wa dume peke yake. La pili ni upandikizaji wa viinitete vilivyotungwa mwilini. Jike aliyechaguliwa hudungwa homoni kwa siku tatu au nne ili ovari zake zikomaze mayai mengi kwa mkupuo mmoja badala ya moja, mawili au matatu. Kisha hupandishwa, na baada ya siku sita au saba viinitete hutolewa kwa kuusafisha mji wake wa mimba kwa kimiminika maalumu, na kugawiwa majike wengine wa kuvibeba.

La tatu ndilo tunalolijadili: mayai yenyewe hutolewa kwenye ovari yakiwa bado machanga, hukomazwa maabarani, hukutanishwa na mbegu maabarani, na viinitete hukuzwa humo humo hadi vifae kupandikizwa. La nne ni kloni, na hili liko mbali na yale matatu, maana halina baba wala utungisho. Kiini cha seli ya mwili wa mnyama mmoja huwekwa ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na anayezaliwa anakuwa nakala ya kinasaba ya mnyama huyo. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996, ndiye aliyeitangaza njia hiyo duniani, na mwaka 2012 wataalamu wa Kashmir, India, walimpata mbuzi kloni wa pashmina, aina yenye sufu laini sana, waliyempa jina Noori. Mtu anayesema viinitete vya maabara ni kloni amelichukua hili la nne na kulibandika juu ya la tatu. Viinitete vinavyotokana na mama mmoja na baba mmoja hutofautiana vile vile wanavyotofautiana ndugu wa tumbo moja: mmoja atakuwa na miguu mirefu, mwingine mwili mpana, na mwingine hatakuwa na lolote la kusifiwa.

Wala hakuna jeni inayobadilishwa. Kuhariri jeni za mnyama ni kazi nyingine kabisa, na ingawa anayeifanya huhitaji kujua kukuza viinitete, anayekuza viinitete hahitaji kugusa jeni hata moja. Mwanambuzi anayezaliwa ana kromosomu 60 kama mbuzi yeyote wa kijijini, 30 kutoka kwa mama na 30 kutoka kwa baba.

Sayansi yenyewe ina umri. Walter Heape wa Cambridge alihamisha viinitete vya sungura kutoka jike mmoja hadi mwingine mwaka 1890. M. C. Chang, akifanya kazi Marekani, alipata watoto wa sungura kutokana na mayai yaliyotungishwa nje ya mwili mwaka 1959. Mtoto wa kwanza wa binadamu aliyepatikana kwa utungisho wa maabarani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, ndama wa kwanza akafuata Marekani mwaka 1981, na mwanambuzi wa kwanza akazaliwa Japani mwaka 1985. Kilicho kipya kwetu ni kwamba vifaa na ujuzi vinazidi kusogea karibu.

Kwa nini kuhangaika na mayai

Dume mmoja mzuri, mbegu zake zikigandishwa, anaweza kuwa baba wa maelfu ya watoto, hata baada ya yeye mwenyewe kuchinjwa. Jike hana nafasi hiyo. Akitunzwa vizuri huzaa mara tatu katika miaka miwili, mmoja au pacha, na kufikia uzee ameacha watoto kumi au kumi na watano. Hata hivyo alizaliwa na makumi ya maelfu ya mayai machanga ndani ya ovari zake, ambayo karibu yote hunyauka bila kutumika. Ndiyo maana ubora unaotoka upande wa baba umekuwa ukisambaa haraka kwa miongo mingi, na ule wa upande wa mama umebaki nyuma. Jike anayelea pacha kila uzao bila kupoteza hata mmoja, mwenye maziwa ya kutosha na miguu isiyosumbuliwa na kwato, huacha mabinti watano au sita tu katika kundi lote la wilaya.

Njia ya pili niliyoieleza, ya homoni na kuusafisha mji wa mimba, ilikusudiwa kutatua tatizo hilo, nayo hufanya kazi vizuri kwa ng'ombe kwa sababu mtaalamu hupitisha mrija kwenye mlango wa kizazi bila upasuaji. Kwa mbuzi mlango huo ni mwembamba na mwili ni mdogo mno kwa mkono kuingia, kwa hiyo mara nyingi hulazimu kupasua tumbo. Kila upasuaji huacha makovu ya ndani yanayogandamanisha viungo, na baada ya mara chache jike yule wa thamani hafai tena kwa kazi hiyo. Si kila jike anayeitikia homoni, vilevile: kwa kipimo kile kile cha dawa mmoja atatoa viinitete kumi na mwenzake asitoe hata kimoja.

Utungishaji wa maabarani hulikwepa sehemu ya tatizo hilo. Jike hulazwa usingizi, matundu madogo hutobolewa tumboni, kamera nyembamba huingizwa, na mayai hufyonzwa kwa sindano moja kwa moja kutoka katika vifuko vya ovari. Jeraha ni dogo, kwa hiyo zoezi linaweza kurudiwa. Tena linaweza kufanywa kwa jike mwenye mimba changa, kwa aliyeziba mirija, na hata kwa vijike wa umri wa mwezi mmoja au miwili ambao bado wananyonya, ingawa mayai ya watoto hawa hukua kwa shida zaidi. Fikiria maana yake: mtoto ambaye bado hajaachishwa kunyonya anaweza kuwa na watoto wake tumboni mwa wengine kabla hajafikia umri wa kupandwa. Mimi naona hapo ndipo penye faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja, kwa sababu kijike wa wiki sita hajaonyesha lolote. Anachaguliwa kwa rekodi za wazazi wake au kwa kupimwa vinasaba, na pasipo rekodi anachaguliwa kwa kubahatisha.

Ndani ya sahani

Kuna chanzo kingine cha mayai, nacho ndicho wanachoanzia wanafunzi karibu kila mahali: machinjio. Mbuzi jike akichinjwa, ovari zake hutupwa pamoja na uchafu wa tumbo. Mtafiti huziomba, huzitia katika chupa ya chai yenye maji ya chumvi yaliyopashwa joto, na huzikimbiza maabarani kabla ya saa chache kupita.

Huko ovari huoshwa, kisha uso wake huchanjwachanjwa kwa wembe juu ya sahani yenye kimiminika cha vuguvugu ili vifuko vipasuke na mayai yatoke. Kazi ya kuyatafuta hufanywa kwa hadubini na pipeti ya kioo, na inahitaji subira ya mtu anayechagua mchele wenye mawe. Yai lenyewe lina upana wa milimita 0.12 hadi 0.15. Lililo zuri hutambulika kwa seli ndogo zilizolizunguka tabaka kwa tabaka, zikiwa zimeshikana barabara, na kwa rangi ya ndani iliyoenea sawasawa. Lililovuliwa seli hizo huwekwa kando, kwa kuwa ndizo zinazolilisha na kulipa ishara za kukomaa.

Mayai yaliyochaguliwa huwekwa katika inkubeta, yaani kabati la kutunzia joto, yenye joto la nyuzi 38.5, unyevu mwingi na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, na huachwa humo kwa saa 24 au zaidi kidogo. Anayefungua sahani kesho yake huona badiliko wazi: seli zilizokuwa zimeshikana zimetanuka na kuachana, na yai limekaa katikati yake likiwa tayari kupokea mbegu.

Mbegu nazo haziko tayari mara tu zinapotoka kwa beberu. Chang wa Marekani na Austin aliyekuwa Australia waligundua mwaka 1951, kila mmoja kivyake, kwamba mbegu ya mnyama anayenyonyesha lazima ikae kwa muda ndani ya njia ya uzazi ya jike ndipo ipate uwezo wa kupenya yai. Maabara inalazimika kuiga hali hiyo kwa kuziosha mbegu na kuziweka katika kimiminika chenye viambato maalumu. Hapa mbuzi ana ukorofi wake wa pekee. Mbegu za fahali kwa kawaida huchanganywa na kiini cha yai la kuku ili zihimili baridi ya kugandishwa, lakini majimaji yanayotoka pamoja na mbegu za beberu yana kimeng'enya kinachofanya kiini hicho kigande na kuziumiza mbegu. Kwa hiyo mtaalamu huyaondoa majimaji hayo kwanza kwa mashine ya kuzungusha, au hupunguza sana kiasi cha kiini cha yai. Mtu mwenye vifaa na mazoea ya ng'ombe asidhani kwamba tayari ana kila kinachohitajika kwa mbuzi.

Mayai na mbegu hukaa pamoja kwa muda wa siku moja kasoro. Baada ya hapo yai husafishwa na kuhamishiwa katika tone dogo la kimiminika cha lishe lililofunikwa kwa mafuta ili lisikauke, mara nyingi katika hewa yenye oksijeni kidogo kuliko hii tunayoivuta, kwa sababu ndani ya mji wa mimba nako oksijeni ni haba. Halafu ni kusubiri wiki nzima bila umeme kukatika. Nasisitiza hilo la umeme kwa kuwa mipango mingi mizuri huandikwa na watu wasiolikumbuka: usiku mmoja wa giza bila jenereta au betri za akiba hufuta kazi ya wiki, na ovari za yule jike wa thamani haziwezi kuombwa mayai mengine kesho yake.

Hata umeme usipokatika, mayai mengi hupotea njiani. Katika maabara iliyozoea kazi, mayai 100 yaliyochaguliwa yanaweza kutoa 70 hadi 80 yaliyokomaa. Baadhi yake hayatatungishwa au yatagawanyika mara moja mbili na kukoma. Na mwishoni hupatikana viinitete 20 hadi 40 vinavyofaa kupandikizwa. Vikipandikizwa vibichi kwa ustadi, karibu nusu au chini ya hapo hufika siku ya kuzaliwa, na vilivyogandishwa kwa nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri hufaulu kwa kiwango cha chini zaidi. Anayekuahidi wanambuzi 100 kwa mayai 100 hajui kazi yake, au anaijua vizuri na wewe ndiye hujui.

Jike anayebeba mimba si wake

Swali linaloulizwa zaidi na wafugaji linahusu jike mpokezi. Kiinitete cha mbuzi wa nyama wa Boer, kwa mfano, kikiwekwa katika mbuzi wa kienyeji na kulishwa kwa damu yake kwa miezi mitano, mtoto hatakuwa chotara? Jibu liko katika nyumba nyingi za vijijini. Mama anayefuga kuku hutia mayai ya kanga chini ya kuku anayeatamia, kwa kuwa kuku ni mlezi mtulivu kuliko kanga mwenyewe. Vifaranga wakitoka ni kanga watupu, madoadoa na kelele zote, ingawa kuku aliwapa joto na atawatembeza uani kama wake. Jike mpokezi hutoa makao, chakula na malezi. Jeni zilishapangwa siku yai lilipokutana na mbegu.

Hata hivyo, malezi hayo si kitu kidogo. Kondo la mbuzi halipitishi kinga kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo mwanambuzi huzaliwa bila silaha na hupata kinga yake ya mwanzo katika dang'a, yale maziwa ya saa za kwanza. Mpokezi aliyekulia kijijini, aliyekwisha kukutana na vijidudu vya pale pale, humpa mtoto kinga inayofaa mahali hapo, jambo ambalo jike aliyeletwa kwa ndege wiki mbili zilizopita hawezi. Lakini kinga hiyo huisha baada ya miezi michache. Hapo ndipo mwanambuzi wa Boer anapobaki na urithi wake wa Afrika Kusini mbele ya minyoo, kupe na homa ya mapafu ya Uganda.

Ukubwa wa mpokezi nao ni wa kuangaliwa. Mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki aliyekomaa ana uzito wa kilo 25 hadi 30, na dume la Boer lililolishwa vizuri huzidi kilo 100. Mji mdogo wa mimba humzuia mtoto kwa kiasi asikue kupita nafasi iliyopo, lakini kumbebesha kijike mwembamba mimba mbili za namna hiyo ni kumwita daktari wa mifugo usiku wa manane. Mpokezi mzuri ni yule mwenye umbo kubwa kidogo, aliyekwisha kuzaa salama, asiye na ugonjwa wa kutupa mimba, na anayelishwa vizuri. Zaidi ya hayo ni lazima joto lake, yaani siku zake za kutaka kupandwa, lilingane na umri wa kiinitete: kiinitete cha siku saba huwekwa kwa jike aliyekuwa na joto siku saba zilizopita, tofauti isizidi siku moja. Kwa ajili hiyo wapokezi huwekewa sifongo yenye homoni ukeni kwa muda wa wiki moja na nusu hadi mbili, na ikitolewa wote hupata joto karibu kwa wakati mmoja.

Neno homoni limewatia watu wasiwasi kuhusu nyama. Zinazodungwa hudungwa mtoaji na mpokezi, nazo hutoka mwilini muda mrefu kabla ya mtoto kufikia umri wa kuchinjwa. Mwanambuzi mwenyewe hadungwi chochote. Waislamu wengine wameuliza pia kama mbuzi huyo anafaa kwa Idi. Fatwa ni kazi ya masheikh na sitawaingilia. Anachoweza kuwathibitishia mtaalamu ni kwamba baba ni mbuzi, mama ni mbuzi, aliyembeba ni mbuzi, na umri na uzima wake hupimwa kwa macho yale yale wanayoyatumia sokoni.

Uganda inahitaji nini

Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Uzalishaji wa Wanyama, na kutokana nayo kikaundwa kituo cha taifa cha rasilimali za kijenetiki za wanyama kilichopo Entebbe, ambacho hushughulika na mbegu za madume, mashamba ya uzazi na kumbukumbu za mifugo. Kwa hiyo nchi haianzi patupu. Vyuo vikuu vina wataalamu wa uzazi wa wanyama, na machinjio ya Kampala hutupa ovari za kutosha kufundishia kizazi kizima cha mafundi wa maabara.

Lakini ovari za machinjioni zina kasoro moja ambayo haisemwi vya kutosha: hakuna anayejua historia ya mbuzi zilikotoka. Huenda aliuzwa kwa sababu mwenyewe alihitaji karo ya shule, na huenda aliuzwa kwa sababu hazai, hana maziwa au anatupa mimba. Kufundishia zinafaa sana. Kuzitumia kuzalisha mbuzi wa kugawia wafugaji ni kuzidisha kile ambacho mtu mwingine aliamua kukiondoa zizini.

Tuna mbuzi wanaostahili kazi hiyo. Mbuzi wa Mubende, mweusi mwenye manyoya mafupi yanayong'aa, ngozi yake imekuwa na jina zuri kwa wafanyabiashara wa ngozi tangu zamani. Mbuzi wa Kigezi wa milima ya kusini magharibi, mwenye manyoya marefu sehemu ya nyuma, amezoea baridi ya huko. Kwa miaka mingi madume ya Boer yametumika kupandishia kila jike aliyekuwa karibu, na watoto wa uzao wa kwanza hupendeza kweli: wanakua haraka na wanauzika vizuri. Kinachokosekana ni mpango wa kuwabakiza Mubende halisi ili uzao huo wa kwanza uendelee kupatikana, kwa sababu chotara wa chotara wa chotara hutoa kila kitu na hakuna anachotoa kwa uhakika. Kugandisha viinitete vya Mubende na Kigezi waliochaguliwa kwa rekodi, kwa maoni yangu, kungekuwa matumizi bora ya maabara kuliko kuleta aina nyingine kutoka nje, ingawa hata uagizaji nao una hoja yake: kiinitete kilichooshwa kwa kufuata taratibu za kimataifa hubeba hatari ndogo ya magonjwa kuliko mbuzi mzima anayepakiwa kwenye ndege.

Kwa familia yenye mbuzi watano huko Sembabule au Arua, hayo yote yako mbali, wala si lazima yawe karibu. Faida ya haraka ipo katika kuhasi vidume dhaifu kabla hawajaanza kupanda dada zao, kubadilishana beberu na jirani wa mbali kila baada ya miaka miwili, na kuandika katika daftari nani amezaa nini na lini. Daftari hilo ndilo litakalomwambia mtu wa maabara siku moja ni jike yupi wa kumfuata.

Kwa yule aliye tayari kununua mimba ya namna hii, aombe karatasi yenye alama za utambulisho za mama mtoaji na baba, tarehe ya kupandikiza na umri wa kiinitete siku hiyo, kisha ahesabu mwenyewe. Kiinitete cha siku saba kikishika, mtoto huzaliwa siku 143 hivi baada ya kupandikizwa, ikizidi au kupungua siku chache. Kikifa mapema, mpokezi hurudi kwenye joto siku ya 21 ya mzunguko wake, yaani wiki mbili tu baada ya kupandikizwa, na beberu yeyote mzururaji atamaliza kazi bila kuomba ruhusa. Mtoto wa beberu huyo atazaliwa siku ya 164 hivi baada ya kupandikizwa. Mwanambuzi aliyechelewa wiki tatu huku muuzaji akisisitiza kwamba ni wa maabara, ang'olewe nywele chache zenye mizizi zipelekwe kupimwa vinasaba, na malipo yasubiri majibu.